Kasuku Amepanda Hatua

Nyumbani kwetu hakuna siri. Nalisema hilo kifua mbele. Vyumba viwili, pazia katikati, na ukuta mwembamba kiasi kwamba jirani akipiga chafya sisi ndio tunamwambia pole. Siri uifiche wapi, mfukoni? Simu ya dada yangu inalala juu ya kabati la vyombo, haina namba ya kuifungua, na yeyote aliye karibu nayo ndiye huipokea. Mume wake, shemeji yangu, ni fundi viatu, na hata akitaka kuongopa hawezi, maana masikio yake hucheza. Mimi ni mama mdogo wa nyumba. Nimemaliza sekondari, nasubiri kazi, na kazi nayo inanisubiri mahali nisipopajua. Kwa sasa shughuli yangu ni kuwajua hawa wawili kuliko wanavyojijua wenyewe.

Jumamosi moja asubuhi simu ikalia. Dada alikuwa bafuni. Shemeji akaichukua kwa vidole vyenye gundi, akakuta ni meseji. Aliisoma, akairudia, midomo ikienda taratibu kama mtu aliyewekewa mdomoni kitu asichokijua.

"Shemeji, hebu nisomee. Macho yangu leo siyaamini."

Nikamsomea kwa sauti ya mtangazaji, ndiyo tabia yangu: "Ndugu mzazi, tunafurahi kukujulisha kuwa mwanao amepanda hatua, kutoka njano hadi kijani. Sasa anasoma na kuelewa. Mpongeze. Unakaribishwa Ijumaa ijayo, siku ya wazazi, kupokea cheti chake. Ofisi ya shule."

Nilipofika kwenye neno cheti ile sauti ya utangazaji ilikuwa imeshanitoka.

Nyumba ile ilikuwa na mtoto mmoja tu. Msichana, darasa la tatu, tukimwita Kasuku kwa sababu alirudia kila alichosikia, hadi matusi ya dereva wa lori la mchanga. Kasuku tulimzika wakati wa likizo ndefu, kijijini kwa bibi yake. Homa ilimpata huko, na ilimchukua haraka kuliko gari tulilokuwa tunalitafuta.

"Wamekosea namba," nilisema.

"Pandisha juu. Tuone kama kuna nyingine."

Nikapandisha. Zilikuwepo, tena nyingi, kuanzia shule ilipofunguliwa. Mwanao ameongeza alama katika kusoma. Mwanao ameongeza alama katika hesabu. Mwanao amepanda kutoka nyekundu hadi njano. Zote zilikuwa zimefunguliwa, na hakuna iliyofutwa. Na chini ya ile ya njano kulikuwa na jibu lililotoka kwenye simu hiyo hiyo: Asanteni sana walimu. Nimemwambia, amefurahi.

Shemeji alikaa chini, juu ya ndoo, ingawa kiti kilikuwepo.

Dada akatoka bafuni na kanga yake, maji yakimtiririka shingoni. Akatuona, akaiona simu, akaelewa. Hakukimbia wala hakupiga kelele. Alinyoosha mkono tu.

"Naomba simu yangu."

"Mama Kasuku, hizi ni nini?"

"Ni za shule."

"Za shule gani?"

"Kwani ana shule ngapi?"

"Mke wangu." Shemeji alilisema neno hilo polepole. "Mtoto amefariki."

"Usinifundishe. Mimi ndiye niliyemvisha mara ya mwisho. Najua alipo kuliko wewe, wewe ulikuwa umesimama nyuma ya nyumba unapiga ukuta." Akaifuta simu gundi kwa ncha ya kanga. "Sijachizi, Baba Kasuku. Ila mtaa mzima unajua. Sokoni wanajua, hospitali ninakofua mashuka wanajua, kila mtu akiniona anainamisha kichwa. Duniani wamebaki watu wachache ambao hawajui. Waacheni wasijue."

"Na Ijumaa?"

"Ijumaa nitakwenda."

"Kuchukua cheti cha nani?"

Dada aligeuka. Akaingia nyuma ya pazia kuvaa, na sisi tukabaki tunasikia vitu vikisogezwa. Alikuwa anakihamisha kitanda kidogo cha Kasuku, anakisogeza dirishani. Baadaye niligundua sababu. Mtoto anayesoma na kuelewa anahitaji mwanga.

Kuhusu shule ile, nitasema ukweli hata kama utanikera. Miaka yote ilikuwa ya mwisho katika mitihani, na ya mwisho kwa raha zake, kama mtu aliyezoea kulala karibu na mlango. Mimi mwenyewe nilipita hapo. Nilijifunza kupanga foleni na kumwogopa mwalimu, basi. Kila mwalimu alililinda darasa lake kama mama anavyolinda jiko lake. Ukichungulia chungu cha mwenzio, mmegombana.

Kisha ofisi ya elimu ikatoa onyo: matokeo yasipopanda, shule inafungwa, watoto wanahamishiwa ng'ambo ya barabara kuu, na ile barabara ilikwisha kula watoto. Hapo Mwalimu Mkuu, mama mmoja mnene mwenye sauti ya kengele iliyopasuka, akawakalisha walimu wote meza moja kila Ijumaa mchana. Mlango ukafungwa. Siku za mwanzo walinuniana kama mawifi. Baadaye aliyeshindwa kufundisha kutoa kwa kukopa alianza kumuuliza anayeweza. Wakaenda kuangaliana madarasani. Asubuhi wakawa wanawachanganya watoto kwa makundi, si kwa darasa: wanaojua herufi kwa mwalimu huyu, wanaojua maneno kwa yule. Na ukutani, ofisini, wakabandika kadi. Kila mtoto kadi yake. Nyekundu, anahangaika na maneno. Njano, anasoma sentensi. Kijani, anasoma na kuelewa. Alama za kila Ijumaa ziliingia kwenye kompyuta moja, na kompyuta ndiyo ikawa inatuma meseji kwa wazazi.

Na ilifanya kazi! Mimi ninayemcheka kila mtu sikupata cha kuchekea hapo. Watoto wa mtaani kwetu walianza kusoma mabango ya maduka kwa sauti, tena wakasahihisha makosa ya mchoraji.

Aliyekuwa roho ya kompyuta hiyo ni mwalimu wa hesabu. Wanafunzi walimwita Desimali, kwa kuwa hata ukimuuliza hali yake hakujibu kwa ukamilifu. Mtu mwembamba, mpole, shati limechomekwa mpaka karibu na kifua. Na Jumatatu ile, bila kujua lolote, Desimali alikwenda kukaa kwenye kibao cha wateja cha shemeji yangu, akavua kiatu cha kulia ambacho soli yake ilikuwa imefungua mdomo.

"Fundi, nishonee hiki kimalize muhula."

"Haina shida, mwalimu."

Shemeji akaanza kushona. Desimali aliuficha mguu wenye soksi iliyotoboka nyuma ya ule mwingine, akatafuta la kusema. Bahati mbaya akalipata.

"Na hongera, mzee. Nimesikia wewe ndiye Baba Kasuku. Binti yako amepanda mpaka kijani."

Sindano ilisimama katikati ya ngozi.

"Binti yangu yupi?"

"Kwani una wengi? Huyu wa darasa la tatu. Alipoanza alikuwa nyekundu, wa chini kabisa. Sasa hivi ni mfano kwa wenzake. Mkuu anataka kumtaja mbele ya wazazi."

Shemeji alidhani anadhihakiwa. Alimtazama yule mwalimu usoni, akatafuta dhihaka, akakuta uso wa mtu anayempa mwenzake habari njema.

"Wewe umemwona, mwalimu?"

"Namwona kila Ijumaa," alisema Desimali.

Alimaanisha ukutani. Nani angejua? Shemeji alijichoma sindano, akaendelea kushona na damu yake. Alipomaliza alikataa malipo, na Desimali, ambaye hakuwa tajiri, alishukuru kwa aibu akaondoka anakanyaga kwa uangalifu. Mteja aliyefuata alimkuta fundi ameshika kiatu chake mwenyewe, anakigeuza huku na huku, hajui kinatakiwa kufanywa nini.

Siku zilizofuata nyumba yetu haikuwa na kelele, na kwangu mimi hiyo ndiyo kelele mbaya kuliko zote. Dada alirudi kazini, akapika, akafua sare ya shule iliyokuwa safi. Akaipiga pasi. Akaitundika kwenye msumari, na upepo wa mlangoni ulipoipitia, sketi ilijizungusha kidogo kama mtu anayejitazama. Mimi nikawa napita upande wa pili wa chumba.

Jumatano jioni, taa haijawashwa, nilikuwa uani naosha masufuria. Nikamsikia mtoto anasoma ndani.

Siongezi chumvi. Mtoto anasoma, kwa kuvuta, kama wanavyosoma wanaoanza: "Ku-ku a-na-ta-ga ya-i." Kimya kidogo. Kisha kicheko kifupi, na sauti ile ile ikasema kwa haraka, "Kuku anataga yai. Yai ni la nani?" Sufuria lilinitoka mkononi. Nilihisi nywele zikisimama moja moja, mimi ambaye huwa nawacheka wanaoogopa paka usiku.

Nikachungulia. Dada alikuwa amekaa kwenye kitanda kidogo dirishani, magoti juu, kitabu cha Kasuku mapajani. Alikuwa peke yake. Ile sauti ilikuwa yake. Meseji ilisema mtoto anasoma na kuelewa, na yeye alikuwa anatafuta ingekuwaje.

Shemeji alikuwa amesimama mlangoni muda wote, begi la vifaa begani. Hakumwambia acha. Aliweka begi chini, akafanya kosa, na alilifanya kwa upendo. Alitaka kumwonyesha mke wake jinsi shule ilivyochanganyikiwa, ili amalize mambo.

"Hawajui wanachokifanya wale," alisema. "Jumatatu mwalimu wao kakaa pale kwangu, ananiambia eti anamwona kila Ijumaa."

Dada alifunga kitabu.

"Anamwona?"

"Ndivyo alivyosema. Unaona sasa upuuzi wao."

"Alisema anamwona. Kwa mdomo wake."

"Mama Kasuku..."

"Nipeleke," alisema dada, na sauti yake ilikuwa imerudi kuwa ya mtu mzima. "Sitangoja Ijumaa mbele ya watu. Nipeleke kesho. Nataka kuona anachokiona."

"Tukienda tunawaambia ukweli. Tukishawaambia, hizo meseji zimekwisha. Umenielewa?"

Dada alikiweka kitabu kitandani. Alikuwa anapima, nilimwona: upande mmoja ile simu juu ya kabati, upande wa pili mtu anayesema anamwona mwanawe.

"Nimekuelewa," alisema.

Tulikwenda watu watatu. Mimi nilisema nitawasindikiza mpaka njia panda tu, nina kazi. Dada akanishika mkono, akasema, "Kazi gani, wewe?" Nikaenda.

Mwalimu Mkuu alitupokea kwa mikono miwili.

"Ooh, wazazi wa mfano! Karibuni, karibuni. Mnajua nilitaka kuwaita? Mama, Ijumaa nataka usimame useme maneno machache. Uwaambie wenzako ulikuwa unamsaidiaje mtoto nyumbani. Maana wazazi wetu hawa, mtoto akivuka geti wanadhani wamemuuza."

Dada alimtazama bila kupepesa. Ofisini walikuwa wawili wengine: Desimali mbele ya kompyuta, na mwalimu wa darasa la tatu, msichana mdogo kuliko mimi, anayesahihisha madaftari. Na ukuta. Nilikuwa nimeusikia tu. Ulijaa kadi kuanzia kabati mpaka dirisha, na feni ilipogeuka upande ule zote ziliinuka kidogo na kushuka, kama zinapumua.

"Naomba kumwona mwanangu," alisema dada.

"Bila shaka. Mwalimu, hebu mwitie..."

"Darasani kwangu hajarudi tangu aende kwa bibi yake," alisema mwalimu wa darasa, kalamu mkononi. "Nilifikiri yuko kwenye makundi ya asubuhi tu."

"Yuko huku," alisema Desimali. Alisimama, akatembea hadi ukutani akitabasamu, akagusa kadi ya kijani iliyokuwa safu ya juu. "Huyu hapa. Si nilimwambia mzee? Namwona kila Ijumaa."

Dada alimfuata. Aliinua mkono kama anayetaka kushika paji la uso la mtoto kuona kama lina joto, akaweka vidole viwili juu ya kadi.

"Ni karatasi," alisema.

Shemeji alivua kofia. "Walimu, mtoto huyu amefariki. Tangu likizo."

Kuna ukimya wa heshima na kuna ukimya wa watu wanaopiga hesabu. Ule ulianza wa kwanza ukageuka wa pili.

"Haiwezekani," alisema Desimali. Hakusema kwa ubishi, alisema kama mtu anayeomba. "Mzee, pole, lakini haiwezekani. Ana alama."

"Ana nini?"

"Ana alama. Za masomo yote." Akarudi kwenye kompyuta mbio mbio, kiti kikapiga kelele. "Kusoma anayo. Kuandika anayo. Hesabu anayo. Mwalimu, wewe si umekuwa ukimfundisha?"

"Mimi?" Mwalimu wa darasa alisimama. "Kwangu kwenye mahudhurio yuko ruhusa. Nilipoona ana alama za kusoma, nikajua amerudi, asubuhi yuko kwenye kundi lako."

"Hayupo kundi langu. Niliona umemwekea alama za kuandika, nikajua yuko kwako."

"Sikuweka mimi!"

"Mimi pia sikuweka."

Wakatazamana. Nadhani hapo ndipo Desimali alipoelewa, kwa sababu mkono wake ulitoka kwenye kompyuta kama umeungua. Mwalimu Mkuu alimuuliza nani basi aliyeweka, akamuuliza tena, na yeye akajibu akiwa anaitazama sakafu.

"Tuliziweka sisi sote, Mkuu. Ile kanuni." Akamgeukia dada, maana kwa vyovyote alikuwa mtu muungwana. "Mama, mtoto akiumwa siku moja akakosa mtihani, tuliona si haki apewe sifuri. Sifuri inamwangusha yeye na inaliangusha darasa. Tukakubaliana, panapokuwa wazi, kompyuta ijaze wastani wa darasa wiki hiyo. Ni kwa ajili ya mafua. Ni kwa ajili ya mvua. Hatukumfikiria mtoto atakayekosa zote."

"Kwa hiyo darasa likipanda..." alisema shemeji.

"Naye anapanda nalo."

Kila mmoja alimwona kwenye safu ya mwenzake. Walikuwa wamejifunza kuaminiana baada ya miaka ya kununiana, na humo humo kwenye kuaminiana mtoto wetu akapata pa kukaa.

"Wako wangapi wengine?" Mwalimu Mkuu alinong'ona, na ile sauti ya kengele ilikuwa imekwisha kabisa.

Desimali aliinuka. Alikwenda ukutani na kuanza kusoma majina kimoyomoyo. Akageuza kadi moja ikatazama ukuta. Akasogea, akageuza nyingine. "Huyu anauza mkaa na baba yake, nilimwona juzi nikamwambia asichelewe. Asichelewe! Huyu walihama." Aligeuza nyingine, na nyingine. Kila alipogeuza, Mwalimu Mkuu alitikisika kidogo. Watu wa ofisi ya elimu walikuwa waje Ijumaa hiyo hiyo kuamua kama shule inabaki. Niliona anatamani kumwambia basi, inatosha. Hakusema, na kwa hilo nilimheshimu.

Mkono wa Desimali ukafika kwenye kadi ya Kasuku.

"Usimgeuze," alisema dada.

"Mama, siwezi kuiacha."

"Nimesema usimgeuze bado. Niambie kwanza. Mlisema anasoma sentensi. Mlisema anaelewa. Nani alikuwa anasoma?"

"Wenzake," alisema Desimali. "Wenzake ndio waliosoma."

"Walimbeba."

"Ndiyo, mama. Tuseme hivyo. Walimbeba."

Dada alitikisa kichwa kukubali, mara kadhaa, kama mtu anayepokea mzigo na kuuweka sawa begani. "Na yeye mwenyewe? Kwa miguu yake, alifika wapi?"

Mwalimu wa darasa ndiye aliyejibu. Alikuwa analia waziwazi, bila kujifuta. "Alikuwa nyekundu, mama. Alikuwa anatudanganya. Anashika kitabu juu chini anakisema chote kwa kichwa. Siku ya mwisho kabla ya likizo nikamchanganyia maneno, nikayaandika ubaoni moja moja. Akasoma neno mama. Akasoma maji. La tatu akakataa. Akasema analijua, ila halipendi."

Shemeji alitoa sauti, na nilipomtazama alikuwa anacheka na uso umelowa.

"Lilikuwa neno gani?" aliuliza.

"Uji."

"Kweli alikuwa haupendi," alisema dada. "Kadi yake hiyo nyekundu iko wapi?"

Desimali alipiga magoti mbele ya kabati, akavuta boksi la kadi za zamani, akatafuta mpaka akaipata. Pembe yake moja ilikuwa imetafunwa. Kasuku alitafuna kila kitu: penseli, kola, nywele zangu. Dada alipitisha kidole gumba kwenye zile alama za meno.

"Hii ndiyo yake," alisema. "Hiyo ya kijani ni yenu. Igeuze."

Akaigeuza.

Ingetosha kuishia hapo. Lakini Mwalimu Mkuu alikuwa mtu wa kazi, na mtu wa kazi akiumizwa hutafuta palipovuja. "Wazazi, tutaomba radhi kwa maandishi, na Ijumaa nitasema mwenyewe mbele ya hao wageni, liwalo na liwe. Ila hata sisi hatukupewa taarifa."

"Taarifa ililetwa," alisema shemeji. "Siku ya kwanza shule ilipofunguliwa. Mimi nilikuwa bado sijaweza kusimama, nikamtuma..."

"Mlinzi!" niliwahi. "Itakuwa mlinzi huyo hakufikisha. Wazee hawa wa getini unawaambia hili wanapeleka lile."

"Ni kweli mlinzi ndiye aliyeniambia," alisema mwalimu wa darasa. "Alisema mtoto yuko kwa bibi yake, atarudi. Ndiyo maana nikaandika ruhusa."

"Nani alisema atarudi?" Dada aliuliza taratibu. Alikuwa ameishikilia kadi kifuani. "Hao wengine walijaza. Lakini kuna mtu alifungua mdomo akasema mwanangu atarudi. Nataka kumwona huyo."

Mwalimu Mkuu tayari alikuwa dirishani, anaita, na sauti ilikuwa imemrudia, maana sasa alikuwa amepata wa kumfokea. Mlinzi alikuja anakokota mguu, mzee wa koti la mvua lililofifia, akasimama kizingitini.

"Uliambiwa mtoto amefariki, wewe ukasema yuko kwa bibi yake! Unajua umetufikisha wapi? Kazi ya geti imekushinda, babu, bora upumzike nyumbani."

"Amefariki?" alisema mzee. "Nani? Kasuku?" Akatafuta pa kujishikiza, akapata fremu ya mlango. "Mimi sikuambiwa hivyo, Mkuu. Nilifikisha neno kama nilivyopewa."

"Nani alikupa?"

Nikasema, kwa sauti ya ucheshi niliyoizoea, "Babu, jamani, umri nao una mambo yake. Hukumbuki vizuri."

Aligeuka kuitafuta sauti. Macho yake yalinishukia, na uso ukamfunguka kwa kunitambua.

"Si wewe, binti? Ulikuja na gauni la bluu. Nilikuuliza mchelewaji wangu yuko wapi, ukasema yuko kwa bibi yake, anastarehe, hana hamu ya shule, atarudi amenenepa. Ukanichekesha. Na wewe ulikuwa unacheka mpaka machozi yanakutoka." Akawageukia wengine, kama anayeomba ashuhudiwe. "Ndiyo maana kila asubuhi nikishafunga geti namwachia upenyo kidogo."

Shemeji aliinamisha kichwa. Feni iligeuka upande wa ukuta, kadi zikainuka, zikashuka.

"Ulicheka?" dada aliniuliza.